Makala ya Pimbi Iliyokataliwa

— Paukwa.

— Pakawa.

— Pakawa jabali, pakawa ukame, pakawa na mnyama mdogo aliyependa maneno makubwa. Nilete au nisilete?

— Lete.

Haya, naleta. Huyo mnyama mdogo ni Pimbi, yule wa kwenye mawe, asiye na mkia. Kazi yake ilikuwa kuandika makala. Hakuajiriwa na mtu. Aliandika kwake, akapeleka kwa Mzee Nungunungu, mhariri wa gazeti la wanyama. Makala ikikubalika, Mzee aliisoma kwa sauti asubuhi mbele ya wote. Ikikataliwa, Pimbi alirudi nayo. Na Mzee alikuwa mkali, maana kalamu za kusahihishia alizichomoa mgongoni mwake mwenyewe. Makala mbaya ilimuuma kweli kweli.

Mwaka huo mvua iligoma. Kikabaki kisima kimoja, na hicho Fisi akakikalia. Ukitaka kunywa, unamwachia chakula chako. Fisi hachagui, anakula chochote. Bibi Digidigi, aliyemlea Pimbi tangu mama yake alipokufa, aliacha kunde zake. Akaacha viazi vyake. Akaacha hata mbegu. Siku moja akafika hana kitu.

"Huna kitu?" akauliza Fisi.

"Sina, Bwana Fisi."

"Wewe mwenyewe ni kitu. Leo kunywa. Kesho ukija, hurudi kwako."

Pimbi aliyasikia hayo. Tena yeye alikuwa ameshaona chemchemi nyuma ya Jabali Jeusi. Si angemwambia bibi yake tu? Angemwambia. Lakini mwandishi ni mwandishi, alitaka kwanza ipendeze. Akaandika: "Ewe alfajiri mwenye shungi la dhahabu, ulipolibusu paji la ulimwengu..." Akaandika hivyo mpaka karatasi ikajaa. Akamsomea bibi. Bibi akasema nzuri. Akakimbia nayo kwa mhariri.

Nungunungu akasoma. Akarudia. Akachomoa mwiba, akaurudisha.

"Maji yako wapi?"

"Yamo humo, Mzee."

"Humo wapi?"

"Mwishoni."

"Na mwenye kiu atafika huko lini? Hii siisomi."

"Lakini bibi yangu amesema nzuri."

"Kamuulize maji yako wapi."

Pimbi akarudi analia, kwi, kwi, kwi. Akamkuta bibi amelala ubavu, nguvu hana.

"Bibi, ile makala yangu. Maji yako wapi?"

Bibi Digidigi akamvuta karibu. Akamlamba sikio, kama alivyomlamba utotoni.

"Mjukuu wangu, sikuelewa hata neno. Nilisema nzuri kwa sababu ilikuwa sauti yako."

Pimbi aliona aibu, nayo ilimchoma kuliko kukataliwa. Na alimpenda bibi yake siku hiyo kupita siku zote. Akasema polepole, "Bibi, yako nyuma ya Jabali Jeusi. Unapita kwenye mwanya."

Bibi akainua kichwa. "Kumbe. Mbona hukuandika hivyo?"

Pimbi akakaa chini. Krr, krr, krr, akaandika hivyo: "Maji yapo. Yako nyuma ya Jabali Jeusi. Njooni sasa hivi, mpite kwenye mwanya. Tukishaingia, tuvingirishe jiwe, tubakize nafasi ya digidigi. Fisi hatapita."

Nungunungu akasoma mara moja tu. Hakuchomoa mwiba.

"Hii naisoma alfajiri. Ila Fisi ameamuru habari ya maji aisikie yeye kwanza."

"Ataisikia," akasema Pimbi. "Hii soma wewe. Yeye nampelekea ile nyingine."

Alfajiri Pimbi akafika kisimani, akapanda juu ya jiwe refu.

"Bwana Fisi, nimeleta makala. Ndani mna sifa zako."

Fisi akakaa vizuri. "Soma."

"Ewe alfajiri mwenye shungi la dhahabu..."

Akasoma, akasoma.

"Sifa zangu ziko wapi?"

"Mwishoni, Bwana Fisi. Umeelewa mpaka hapo?"

"Mimi? Neno kwa neno. Soma."

Akasoma, akasoma. Upande wa jabali vikasikika vishindo vya miguu, ti, ti, ti.

"Sifa zangu ziko wapi?"

"Mwishoni, Bwana Fisi. Umeelewa mpaka hapo?"

"Neno kwa neno. Soma."

Akasoma, akasoma. Kwa mbali jiwe likavingirika, gururu, gururu, puu.

Fisi akatazama huku na huku. Jua limepanda, kisimani hakuna mtu.

"Mbona hawaji kunywa? Acha hayo mashungi. Niambie kwa ufupi."

"Kwa ufupi, Bwana Fisi, wamehama."

Fisi akaruka, Pimbi akarukia jiwe la juu zaidi. Fisi akakimbilia Jabali Jeusi, akaukuta mwanya. Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa shida. Tumbo, na zile kunde zote za watu, likagoma. Akajivuta nyuma, akaenda zake, na kisima chake kikabaki chake peke yake.

Pimbi alipopenya ndani, Bibi Digidigi alikuwa anakunywa, gu, gu, gu, na hakuna aliyemwuliza ameacha nini. Alipoinua kichwa, maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni.

"Makala hii ni nzuri," akasema.

Pimbi akamtazama kwa wasiwasi. "Bibi, safari hii umeelewa?"

"Nimefika, mjukuu wangu. Si unaniona?"

Ngano yangu imelala hapo. Mwenye kuiamsha aiamshe kwao. Na fundisho lake ni hili: andikeni kirefu, mwageni mashungi ya dhahabu, sifa ziwe mwishoni, wala msisikilize wahariri. Ila hakikisheni anayewasomeni ni fisi.