Siku ya Kuacha Kuyageuza Mayai

Mama mmoja alipoteza kuku wake wote kwa mdondo ndani ya wiki moja. Ninyi mnaofuga mnaujua ugonjwa huo. Leo kuku amejikunyata pembeni, kesho unamfukia. Banda lililokuwa na kelele tangu alfajiri likawa kimya. Mama akalifagia, akamwaga majivu, akafunga mlango kwa kamba.

Mtu atasema, si kuku tu hao? Atanunua wengine. Lakini hawakuwa kuku wa kununua. Mama huyu alipoolewa, mama yake mzazi alimpa tetea mmoja wa kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni, akamwambia, "Huyu ametokana na kuku wa bibi yako. Usiuache uzao wake ukatike." Mama mzazi alishafariki. Hakuacha picha hata moja, na kanga zake waligawana ndugu siku ya kumaliza tanga. Kitu pekee kilichokuwa kimepita mkononi mwake na bado kina uhai ni kuku wale. Sasa wamekwisha.

Yalibaki mayai. Yalikuwa kwenye kikapu jikoni, yametagwa kabla ugonjwa haujaingia. Mume wake aliyaona asubuhi, akauliza kwa nia njema, "Tuyakaange haya kabla hayajaharibika?" Mama alichukua kikapu akaenda nacho kwa wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga aliyojitengenezea nyumbani. Lilikuwa sanduku la mbao lenye balbu ndani ya kuleta joto, sahani ya maji ya kutunza unyevu, kipimajoto, na kioo kidogo cha kuchungulia. Aliyapokea mayai, akaanza kumweleza mama masharti.

"Tunayalaza hivi, upande mpana uinuke kidogo, uliochongoka ushuke. Huku kwenye upana ndiko kuna nafasi ya hewa. Halafu yageuzwe asubuhi, mchana na jioni, kama anavyofanya kuku mwenyewe kwa mdomo wake. Yai lisipogeuzwa, kifaranga ananata kwenye ganda na kufa." Akachukua penseli, akachora msalaba upande mmoja wa kila yai na duara upande wa pili, ili lijulikane lililogeuzwa na lililosahauliwa. "Nani atakuwa anakuja kuyageuza? Mimi nina shamba."

"Mimi," akasema mama.

Na kweli akaja. Mvua iliponyesha alikuja na mfuko wa nailoni kichwani. Jumapili alitoka ibadani kabla ya matangazo, na kwa matangazo yetu yalivyo marefu, mimi nisingemlaumu. Misalaba juu, kisha maduara juu. Leo akizungushia kulia, kesho anarudishia kushoto, kama alivyoelekezwa. Huku anageuza, anayasemesha polepole.

Wifi yake akamtania. "Wifi, kaka yangu hujawahi kumtunza hivi."

"Kaka yako nikimgeuza, anakoromea upande wa pili," mama akajibu, na mkono haukutoka sandukuni.

Wiki ya pili wifi aliyamulika mayai kwa tochi. Mama akaona mishipa myekundu kama nyuzi, na katikati kitu cheusi kinachocheza.

Wiki ya tatu ilipoingia, zikiwa zimebaki siku chache vifaranga watoke, wifi aliyapanga mayai vizuri, misalaba yote juu. Akaongeza maji kwenye sahani, akashusha kifuniko. Akasema, "Basi. Kuanzia sasa usiyaguse."

"Nisiyaguse namna gani?"

"Usiyageuze, usifungue. Kaa kwako."

"Wifi, si ulisema nisipoyageuza yatakufa?"

"Nilisema, na ilikuwa kweli. Sasa acha."

Niwaulize, mngekuwa ninyi, mngeacha? Mkono huohuo umewaweka hai tangu mwanzo, leo unaambiwa ukae mapajani. Tena huyu mama alilelewa kama tulivyolelewa sisi. Kwetu mtoto mchanga haachwi peke yake chumbani. Mzazi akitaka kwenda kuoga, lazima mtu aje akae na mtoto. Basi kesho yake, wifi akiwa shambani, mama aliingia, akafungua sanduku, akayageuza yote kwa uangalifu uleule, akafunga. Alirudi nyumbani moyo umetulia.

Jioni wifi alichungulia kwenye kioo. Aliacha misalaba juu, sasa anaona maduara. Hakupiga kelele. Alikwenda kwa mama akamkuta anachambua mchicha.

"Umeyageuza."

"Mtoto mchanga haachwi peke yake," mama akasema, macho kwenye mchicha.

"Hajazaliwa, wifi. Ndiyo kwanza anatafuta njia." Akajisogezea kigoda, akakaa. "Sikiliza. Kifaranga sasa amelijaa yai lote. Hawezi tena kunata kwenye ganda. Anajigeuza mwenyewe humo ndani, auelekeze mdomo upande ule mpana wenye hewa, avute pumzi ya kwanza, kisha atoboe. Ukimzungusha wakati huu unampoteza. Anaweza akadonoa mahali pasipo na hewa, akafa akiwa amekamilika."

Mikono ya mama iliangukia kwenye ungo. "Nimewaua?"

"Sijui," wifi akasema. Hakutaka kumfariji kwa uongo. "Ila ukiyagusa tena, tutajua mapema."

Siku zilizofuata mama hakwenda. Alisugua sufuria zilizokuwa safi. Alifua pazia la chumbani, akalianua likiwa bado bichi, akalifua upya. Mumewe alimwangalia, akaona ni heri aende kukaa barazani kwa jirani. Kila mama alipopita karibu na lile banda lililofungwa kwa kamba, alimkumbuka mama yake na neno lile la uzao, naye aligeuza uso. Angemwambia nini? Kwamba ugonjwa ulikuja ukawaacha wachache, na hao wachache amewamaliza yeye kwa kuwapenda?

Kisha asubuhi moja wifi alikuja mbio, kitenge hakijafungwa vizuri.

"Njoo."

"Wamekufa?"

"Njoo usikilize, mwanamke. Maswali baadaye."

Mama alipiga magoti karibu na sanduku, akatega sikio. Kwenye kioo hakukuwa na yai lililopasuka. Lakini ndani ya maganda mlikuwa na sauti, nyembamba, ya hapa na pale, kama watu wanaoulizana kupitia ukuta. Mama aliweka kiganja mdomoni, akabaki vivyo hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Hawakutoka wote. Machache yalibaki kimya, na wifi aliyatoa, akayaweka kando. Lakini wengi walitoka, wamelowa, wanayumba kama walevi, na walipokauka kila mtu aliona zile shingo tupu. Mume akaitwa. Akainama, akawatazama sana. "Kuku wa mama mkwe kabisa hawa," akasema. "Shingo kama wametoka kwa kinyozi." Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu mdondo uingie, akacheka hadi akalazimika kumshika wifi yake bega.

Ndugu zangu, najua mnakoningojea. Kila mmoja ameshajikalisha mahali pa yule mama. Mzazi anajiambia, kumbe nimwache kijana wangu ajitafutie. Mama mkwe mmoja hapa ameinamisha kichwa. Ni neno jema, nendeni nalo nyumbani. Lakini leo sikuja kusema na akina mama wa mayai. Nimekuja kusema na mayai.

Maana mayai ndiyo sisi.

Tumegeuzwa, au hatukugeuzwa? Ulikuwa na kazi, ukajikuta huna. Ulikuwa mzima, ukalazwa. Ulikaa mjini, ukarudishwa kijijini, na ulipoanza kuzoea kijiji ukaitwa tena. Kila tulipozungushwa tulinung'unika kwamba Mungu hatuachi tupumzike. Hatukujua kwamba kwa kuzungushwa huko alikuwa anatuzuia tusinate na kufa mahali pamoja.

Halafu kikaja kimya. Unaomba, hakuna kinachosogea. Hakuna mlango unaofunguka wala unaofungwa. Nawajua baadhi yenu mliokaa katika kimya hicho muda mrefu, na nimesikia mkisema, "Mungu ameniacha." Tuliposogezwa tulilalamika, na tulipoachwa tutulie tukalalamika tena.

Sasa jiulize, yai lingejua nini siku mkono ulipoacha kuja? Kwa ndani, siku hiyo inafanana kabisa na siku ya kutupwa. Lakini je, balbu ilizimwa? Maji yalimwagwa? Maji yaliongezwa. Na yule aliyeuondoa mkono hakuwa amechoka. Aliona kwamba walio ndani wamekua kiasi cha kujigeuza wenyewe. Mama alikosea siku ile, kwa hofu. Mungu hana hofu hiyo. Anaijua siku ya kugusa na anaijua siku ya kuacha.

Basi wewe uliyeingia humu asubuhi ya leo umebanwa pande zote, huna pa kunyoosha hata shingo, usiombe ugeuzwe tena. Umelijaa ganda, ndiyo maana linakubana. Joto bado lipo, lihisi. Tafuta upande wenye hewa, uvute pumzi, uanze kudonoa. Yule aliye nje ametega sikio.