Nyasi za Paa la Mzee Kihwele

Paukwa!
— Pakawa!
Mnaitikia kama mliokula mawe. Paukwa!
— Pakawa!

Hapo zamani za kale, juu mlimani palikuwa na kijiji chenye baridi ya kukata masikio. Kilikuwa na mwiko mmoja: mtu akifa, paka wake hafugwi tena. Anafukuzwa kwa fimbo.

Mwaka mmoja homa ikapita. Ikafagia nyumba hii, ikafagia na ile. Watu wakazikwa, paka wakafukuzwa, wakawa paka shume. Walilala nje, wakala panya wa ghala la mbegu. Ulezi wote wa kupanda ulikuwa humo. Asante hawakupata.

Kisha ikashuka sakitu, ule umande ulioganda. Si ile ya kuunguza majani ya viazi tu, hapana. Maji yaliganda mtungini. Ukikanyaga nyasi, kwachu! kwachu! Na paka huko nje, nyau... nyau... Asubuhi wanaokotwa wamekauka kama kuni.

Mzee Kihwele, mrina asali, akaenda kwa jumbe.

"Jumbe, paka wakiisha, mbegu zimekwisha."

"Kihwele, nyuki wamekuuma kichwani? Wale ni paka wa wafu."

"Panya hawaulizi paka ni wa nani."

Jumbe akacheka, akasogelea moto wake.

Basi mzee akateremsha mizinga yake mitupu, yale magogo yaliyochongwa uwazi. Akaipanga nyuma ya ghala iwe malazi ya paka, matundu yakiupa upepo kisogo. Aijaze nini? Nyasi za kondeni zote zilikuwa mbichi kwa sakitu. Akapanda juu ya nyumba yake, akachomoa nyasi kavu za paa. Chomoa, jaza. Chomoa, jaza.

Jirani yake, Mama Semgaya, akaingiwa na huruma. Akaleta mgolole wa marehemu mumewe, akaukunja ndani ya mzinga mmoja.

"Toa nguo hiyo, mwanangu," mzee akasema. "Inakunywa pumzi ya mnyama, inalowa, inaganda."

"Baba, mimi mwenyewe nalala na nguo!"

"Wewe unalala na moto."

Hakusikia. Kulipokucha, paka na mgolole vilikuwa kitu kimoja, huwezi kuvitenganisha. Mama Semgaya akalia weee. Kisha akasema, "Baba, nipe nyasi." Mzee akapanda tena, akachomoa. Za paa lake, si za mama yule.

Sakitu haikuondoka. Nyasi zikilowa, mizinga inadai nyingine. Chomoa, jaza. Paka wakapona. Ghalani, kwaru kwaru ya panya ikanyamaza. Paa la mzee likabaki fito.

"Shikamoo mzee! Siku hizi unalala na nyota?"

"Marahaba. Njooni tulale wote."

Wanakijiji wakacheka, wakapita. Kila mmoja alikuwa na paa zima, na hakuna aliyetoa hata kicha.

Asubuhi moja shikamoo haikuitikiwa. Mzee alikuwa kitandani, sakitu imemkaa ndevuni.

Mvua zikaja, ghala likafunguliwa, mbegu hazikupungua. Watu wakapanda, wakavuna, wakapika pombe ya ulezi.

"Alikuwa na hekima mzee yule!" jumbe akasema, povu mdomoni. "Tulimpenda sana!"

Mama Semgaya akaweka kibuyu chini.

"Tulimpenda? Tungemwezekea."

Jumbe akapangusa povu mdomoni.

Funzo ni hili: anayewakinga wengine naye ana ngozi, naye husikia baridi. Mpelekee nyasi angali anaitikia salamu. Sifa za kwenye pombe hazimfuniki mtu. Hadithi yangu imekomea hapo. Fukieni moto, mkalale.