Kwa Nini Chini ya Ukuta ni kwa Watoto

Kaeni kwanza. Udongo wa ukuta bado mbichi, na rangi ikipakwa sasa itatiririka mpaka miguuni. Wakati tunasubiri ukauke, nitawaeleza kwa nini ukuta huu, kuanzia chini hadi usawa wa kiuno changu, ni wenu na si wangu.

Zamani, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, hapa Itandula watoto hawakugusa rangi. Nyumba zilipambwa, tena zilipambwa vizuri: udongo mweupe wa mtoni, udongo mwekundu wa mlimani, masizi meusi ya chungu. Lakini rangi ilikuwa kazi ya akina mama. Mwanamke alipomaliza kupaka ukuta alipanga matawi ya miiba chini yake, mbuzi wasije kujisugua na watoto wasije kushika. Mbuzi na watoto walihesabiwa kundi moja.

Mpakaji hodari kuliko wote aliitwa Kalekwa. Mwaka mmoja binti yake wa mwisho, Nkwimba, aliposwa na watu wa ng'ambo ya mto. Desturi ya siku hizo ilikuwa ngumu. Wakwe walipofika hawakusalimu. Walisimama uani, wakautazama ukuta kutoka juu hadi chini. Ukiwa umekamilika, waliingia na harusi ikaendelea. Ukiwa na pengo, walisema nyumba haiko tayari, wakageuka, wakarudi mwaka uliofuata.

Kalekwa alianza juu, chini ya upenu. Siku ya kwanza akashuka, siku ya pili akashuka. Siku ya tatu alifika usawa wa kiuno chake, akainama, na mgongo ukakataa. Ulikataa kushuka, ulikataa kupanda. Ikabidi abebwe kama kitanda. Na wakwe walikuwa wanafika kesho yake.

Wifi yake, Holo, akachukua kijiti cha rangi. Holo alijua kupika na alijua kuimba, lakini alishika rangi kwa mara ya kwanza akiwa tayari mama wa watoto wanne. Mstari wake ulipinda kama njia ya mbuzi. Akaufuta mwenyewe kabla hajaambiwa. Ndani ya nyumba, Nkwimba akaanza kulia.

Walimlaza Kalekwa kwenye mkeka mbele ya ukuta. Akiwa amelala ubavu, akaitazama kazi yake kutoka chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuona kitu. Aliona miiba, aliona udongo mtupu, na huko juu aliona kivuli cha upenu. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini mjukuu wake Minza, mtoto wa miaka minne, alisimama kila siku nyuma ya miiba akinyoosha shingo.

"Bibi," Minza akasema, "mimi sina haja ya kuinama."

"Unasemaje?"

"Pale palipobaki ni hapa." Akagusa kifua chake. "Nikiinama nitapapita."

Holo akacheka. "Wifi, wape hawa rangi uone. Wakwe watadhani kuku wamepita ukutani."

Kalekwa akautazama tena ule udongo mtupu. Kisha akasema, "Holo, ondoa miiba."

Loo, siku hiyo! Watoto walikuja wanaotembea, wakaja wanaotambaa. Waliingiza mikono kwenye udongo mweupe, wakaibandika ukutani: pa! pa! pa! Waliingiza vidole kwenye udongo mwekundu, wakadonadona kama mvua ya kwanza. Kalekwa, akiwa mkekani, hakuwaambia wachore nini. Aliwaambia tu rangi ipi inakauka upesi, na kijiti kinashikwaje. Minza alichora kuku mkubwa kwa masizi.

"Kuku gani huyu mwenye miguu sita?" Holo akauliza.

"Anakimbia, Bibi Holo."

Kesho yake wakwe wakafika, na mbele yao mzee Masele, baba wa bwana harusi, na fimbo yake. Wakasimama uani. Mzee akautazama ukuta kuanzia juu, akashuka polepole, akafika usawa wa kiuno, akakunja uso. Nkwimba alikuwa nyuma ya mlango, akichungulia.

"Kuku huyu," mzee akasema, "ana miguu mingi."

Watu wazima wote wakatazama chini. Minza akajibu, "Anakimbia, Babu. Anawakimbia ninyi, maana mmekuja kumla."

Mzee Masele alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Badala ya kuiokota, alichuchumaa, akawa sawa na Minza, akautazama ukuta akiwa hapo chini kwa muda mrefu. Wajukuu zake, waliochoka kwa safari, walikuwa wameshaukimbilia, wakipima viganja vyao juu ya viganja vilivyochorwa.

"Umekamilika," mzee akasema. "Tena mimi hapa chini naona vizuri zaidi." Nkwimba akatoka kabla hajaitwa, na vigelegele vikavuka mto.

Masika ilipokuja, mvua ilitiririka kwenye upenu, ikarusha tope, ikafuta sehemu yote ya chini. Minza akalia. Kalekwa, mgongo ukiwa umepona, akamwambia, "Nyamaza, mjukuu wangu. Kuna watoto waliokuwa migongoni mwa mama zao mwaka jana, nao sasa wamesimama. Mvua imewaachia nafasi."

Na tangu siku hiyo, hapa Itandula hakuna anayeweka miiba chini ya ukuta. Mama hupaka juu, watoto hupaka chini. Mvua hufuta, na watoto huanza upya. Na wapakaji wetu wote, kila mmoja wao, walianzia hapo chini.

Haya, guseni. Umekauka? Chukueni rangi. Na wewe mama, mshushe huyo mgongoni. Nimemwona jana akisimama.