Kimya cha Rais Ndovu

Hapo zamani, watoto wangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, sufuria zao na Bunge lao, wakazi wa bonde la Kilole walimchagua Ndovu kuwa rais. Katiba yao ilimpa kazi nyingi, na moja ilisema wazi: kila mwezi unapoandama, rais afike Bungeni awaeleze wabunge hali ya nchi.

Mwanzoni Ndovu hakukosa. Alisimama, akasafisha mkonga, akahutubia mpaka Kiboko akasinzia. Kisha akaacha kuja, na kila mwezi Bunge likatuma kumuuliza kulikoni. Mwezi wa kwanza alituma salamu kwamba ana mafua, na mafua ya ndovu, mnajua wenyewe, si jambo dogo. Mwezi wa pili alisema ana wageni. Mwezi wa tatu hakusema kitu.

Ukweli ni kwamba bwawa la maji, lililokuwa kilimani nyuma ya ikulu, lilikuwa linakauka. Mfereji wa kijiji ulianzia chini kabisa ya bwawa, kwa hiyo huko bondeni maji yalitiririka kama kawaida na hakuna aliyejua. Ndovu alilitazama kila asubuhi, akaona aibu. Alimwambia mkewe kwamba akitangaza jambo hili watamwona hafai, afadhali asubiri mvua.

Nguchiro, mbunge mdogo kuliko wote, alipita ikulu siku moja kuomba chumvi. Akamkuta mke wa rais anafua shuka la Ndovu kwenye kibakuli cha uji. Akaomba chumvi yake, akashukuru, akaondoka akiwaza kwa nini ikulu inabania maji hivyo.

Kesho yake akarudi, akamkuta Ndovu barazani.

"Mheshimiwa, nimetumwa nikushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa kunyamaza. Wabunge wamesema rais mwenye shida angekuja kutuambia. Basi wameona maji ni tele, wakawaalika nyati mia mbili wa ng'ambo ya mlima waje kukaa nasi kiangazi chote. Wameshafunga mizigo."

Masikio ya Ndovu yakasimama. "Nani kawaambia maji ni tele?"

"Wewe, mheshimiwa. Hukusema ni machache."

Ndovu hakungoja kuvaa joho. Aliteremka kilima, gubu, gubu, gubu, akaingia Bungeni akihema, akasema yote: bwawa limebaki robo, amelijua jambo hilo miezi mitatu, na aliona haya kulisema. Kisha akaomba mjumbe akimbie kuwazuia wale nyati aliowataja Nguchiro.

Spika, ambaye ni Korongo, akauliza ni nyati gani.

Wote wakamgeukia Nguchiro. Yeye alikuwa anazikagua kucha zake kwa makini sana.

"Ungeniuliza tu," Ndovu alisema.

"Tulikuuliza mara tatu, mheshimiwa."

Ndovu akainua mguu, na kwa kitambo Nguchiro alijiona mdogo kuliko siku zote. Lakini mguu ukashuka polepole, maana ndani ya Bunge hilo hakuna aliyecheka. Walikuwa wanafikiria watoto wao.

Ndipo Ngiri akainuka. Akaeleza kwamba babu yake alichimba kisima kule kwenye mchanga, kikafukiwa bwawa lilipojengwa, na kwamba mahali penyewe anapajua. Akaongeza, kwa upole, kwamba angeambiwa mwezi wa kwanza, sasa hivi wangekuwa wanateka.

Walianza kuchimba siku hiyohiyo. Ngiri na ndugu zake walifukua, Ndovu akang'oa mawe ambayo hakuna mwingine angeyatikisa, na kila nyumba ikapewa maji kwa kipimo, ya ikulu ikiwa ya mwisho. Bwawa lilikuwa limebaki tope tupu walipoyafikia maji, yakiwa baridi na safi, na Ndovu akaketi juu ya mchanga akalia mbele ya wabunge wake wote.

Basi wanangu, anayepewa nchi kuichunga awaambie wenyewe hali yake, hasa ikiwa mbaya.