Kiti cha Mbele cha Mama Mkwe

Hapo zamani, tena si zile za fisi kwenda posa, ni hizi za juzijuzi ambapo redio ilikuwa haisemi mpaka izabwe kofi, palikuwa na ndege ya jeshi iliyoitwa Mama Mkwe. Makuruta ndio walioipa jina hilo. Ilikuwa ndege ya kujifunzia urubani: injini moja, mabawa mawili juu, mawili chini, na viti viwili visivyo na paa. Rubani hukaa cha nyuma, mgeni cha mbele. Ukiishika kwa ubabe, inakutupa vichakani. Ukiibembeleza, inakubeba. Nyinyi mngeiitaje?

Jeshi likapata ndege za kisasa. Mama Mkwe ikaachwa kwenye kiwanja cha Igombola, nyasi zikaifika shingoni. Kapteni Chengula, aliyejifunzia kuruka humo akiwa na miaka ishirini na miwili, akastaafu, akaenda kulima njegere. Lakini akipita penye mashine ya kusaga, pua yake ikinasa harufu ya oili iliyoungua, alisimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa jina.

"Baba Lutengano," mkewe alimwambia, "wanaume wenzako wakisimama hivyo wameona mwanamke. Wewe umeona nini?"

Hata yeye alitamani kujua.

Siku moja akasikia Mama Mkwe imefufuliwa. Akaacha jembe limesimama shambani, akaenda. Akakuta watu watatu.

Wa kwanza ni Mzee Ngwavi, mfuga nyuki. Wanunuzi wa chuma chakavu walipokuja na misumeno, yeye aliweka mizinga ndani ya viti vyote viwili. Walikuja mara tatu, wakakimbia mara tatu, na mara ya tatu waliacha hata viatu.

Wa pili ni Sajenti mstaafu Kihwele, fundi wa injini. Aliipangua injini yote, akaosha kila kipande, akaifunga upya. Miaka sita! Na jeshini alitengeneza ndege miaka thelathini bila kupanda hata moja. "Mimi kazi yangu ilikuwa kupunga mkono," alisema.

Wa tatu ni Bi Semeni, fundi cherehani. Mabawa yale yalikuwa ya mbao yaliyovikwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimeoza. Akayavika upya, akashona kwa mkono. Yeye juu anachoma sindano, Kihwele chini anaipokea na kuirudisha. Mafundo elfu mbili na mia tatu! Msimu mzima wa harusi ukampita, na mabibi harusi wa Igombola wakamnunia mpaka leo.

Chengula akaijaribu peke yake, mzunguko mmoja juu ya kiwanja. Akatua analia na kucheka kwa pamoja, kamasi zimemjaa.

Ndipo ikaja barua. Makumbusho ya mjini yanaitaka Mama Mkwe. Ruhusa imetolewa ya safari moja tu, iondoke kabla ya saa sita mchana, na ikifika huko haitaruka tena. Safari moja, kiti kimoja. Wengine watafuata kwa basi.

Asubuhi ya safari, wakinywa chai, Chengula akaona awaepushie ugomvi. "Kikosini kwetu tulikuwa na desturi. Anayekaza nati ya mwisho ndiye anayepanda. Hivyo hakuna fundi aliyelipua kazi."

Kihwele akatabasamu hadi magego. "Basi ni mimi, Afande. Jana nimekaza nati ya mhimili wa bawa la kushoto, na mstari wa rangi nyekundu nimepiga juu yake; nati ikizungushwa tu, mstari unakatika."

Wale wawili wakaweka vikombe chini.

Bi Semeni akainuka. "Naenda kutazama mshono kidogo." Akaenda bawa la kushoto, akarudi.

Kihwele akainuka. "Naenda kuhakikisha kidogo." Akaenda bawa la kushoto, akarudi.

Mzee Ngwavi akainuka. "Huenda kuna nyuki amebaki." Akaenda bawa la kushoto, akakawia, akarudi anahema.

Chengula akajiuliza: hivi bawa la kulia limewakosea nini? Akaenda mwenyewe. Ule mstari mwekundu ulikuwa umekatika. Akaigusa nati kwa kidole, ikazunguka kama kifuniko cha chupa ya soda. Meno yote yamelika.

"Njooni hapa! Nani kaigusa?"

Wakatazama mawingu. Bi Semeni akasema kwanza: "Mimi, Kapteni. Niliilegeza, nikaikaza tena, ili niwe wa mwisho. Sikujua kama nati nayo huchoka."

"Mimi nilikuta mstari umekatika," akasema Kihwele. "Hasira zikanipanda. Nikachukua spana ndefu."

"Wewe fundi mzima!" Ngwavi akadakia. "Huyu mama hajui, wewe unajua!"

"Na wewe, babu?" Kihwele akamrudishia.

Ngwavi akakohoa. "Mimi nguvu zimepungua. Nikachomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana."

"Bomba la maji!" Kihwele akashika kichwa. "Mzee wangu, ulikuwa unakaza nati au unang'oa kisiki?"

Saa nne ikapita. Kihwele akaikagua boliti, akaikuta nzima. Kisha polepole akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa nati mpya. Siku anastaafu aliichukua stoo kama kumbukumbu, na tangu hapo hakutoka nyumbani bila hiyo nati. Akaitazama kama mtu anayeaga, akaiweka kiganjani mwa Chengula.

"Lakini naikaza mimi," akasema.

"Aa wapi! Mimi!"

"Mimi!"

"Hakuna," akasema Chengula. Akaikaza kwa mkono wake. "Wa mwisho sasa ni mimi, na mimi kiti ninacho. Haya, semeni. Nataka kusikia."

"Bila nyuki wangu," akasema Ngwavi, "leo hii Mama Mkwe ingekuwa masufuria."

"Masufuria hayaungurumi," akasema Kihwele. "Anayeungurumisha ni mimi. Na kama si nati yangu, tungekuwa tunaipakia kwenye lori."

"Ngurumeni mtakavyo," akasema Bi Semeni. "Hewani mnabebwa na uzi wangu. Na aliyesema kweli kwanza ni nani?"

Saa tano na nusu. Kihwele akavuta pangaboi la puani mwa ndege, injini ikakohoa, ikakubali. Chengula akapanda nyuma, akavaa miwani. Watatu wamesimama chini ya bawa, kofia ya ngozi ya abiria ni moja, na kila mmoja ameishika ukingo. Kapteni anawatazama mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu awe rubani hajui aelekee wapi.

Aliyeilinda ndiye aliyeimaliza nati. Aliyeifufua aliharibu huku anajua, kisha akatoa alichokipenda. Aliyeivika ndiye aliyeanza kuichokonoa, na ndiye aliyekiri kabla ya wote.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mnacheka, injini inaunguza mafuta. Kiti cha mbele ki wazi, na Mama Mkwe haitaruka tena. Je, nani alistahili?