Sanduku la Watoto wa Chatu

Leo nitawasimulia habari za nyoka, ndugu zangu, kwa hiyo mnaoogopa shikaneni mikono mapema. Na akina baba msijifanye majasiri, nawajua.

Palikuwa na bwana mmoja huko Usukumani, mcheza ngoma. Yeye alikuwa anacheza na chatu shingoni, watu wanampigia vigelegele huku wanarudi nyuma. Chatu wake jike alikuwa amefugwa nyumbani miaka mingi, mpole, ameshawazoea watu. Msimu mmoja yule chatu akataga, akajiviringisha juu ya mayai yake, na hatimaye watoto wakatoka, wembamba, wanang'aa, lundo zima. Bwana yule hakukaa chini kwa furaha. Alishawaona uwanjani, kikundi kizima cha ngoma.

Lakini ndani palikuwa na mke, na mke alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, Kabula. Mama huyu alikuwa anaogopa hata mjusi. Kumvumilia chatu mkubwa aliweza, kwa sababu huyo alionekana alipo. Sasa hawa wadogo je? Akamwambia mumewe waziwazi: "Baba Kabula, sikukatazi kazi yako, ndiyo inayotulisha. Ila siku mmoja wa hao akitoka, mimi na mtoto tunakwenda kwa mama. Sitangoja hata chai ichemke."

Mume akaapa kwamba hatatoka hata mmoja. Ikabaki kazi ya kuchagua mahali pa kuwaweka. Fundi seremala wa jirani alikuwa na visanduku vidogo vya wavu wa madirisha, ule wa matundu madogo, vina vifuniko na komeo. Havikuwa na sura yoyote, vya kuweka kona tu. Na nyumbani lilikuwepo sanduku kubwa la chatu mama, limechongwa, limepakwa rangi, ndilo linalobebwa siku ya ngoma watu wote wakilitazama. Mbele lilikuwa na wavu wa kuku. Mnadhani alichagua lipi?

Enhe. Ninyi nyote mmejibu, maana hata ninyi mngechagua hilohilo.

Akamhamishia mama yao kwenye pipa, akawaweka watoto kwenye sanduku la fahari. Mke akaja kutazama. Alisimama mbali, akanyoosha mkono, akapitisha kidole gumba kwenye tundu la wavu. Kikaingia chote.

"Kinapita," akasema.

"Kidole hakina kichwa, mke wangu. Nyoka ana kichwa. Sanduku hili limemtunza mama yao miaka yote, hajawahi kutoka."

Jamani! Mama yao hakutoka kwa sababu ni mnene! Lakini mtu akishapenda kitu chake, anakuwa hodari wa kujibu.

Basi asubuhi moja mke amekwenda kisimani na mtoto wake, bwana akafungua sanduku awape maji. Akahesabu. Akahesabu tena kwa kuwagusa mmoja mmoja. Mmoja hayupo. Akainua mikeka, akakung'uta magunia, akapekua kuni jikoni. Hakuna. Na nje anasikia watu wakisalimiana njiani, na sauti moja ni ya mkewe.

Ndugu, yule nyoka hakuwa na sumu. Chatu mchanga hawezi kumla mtu. Bwana yule alilijua hilo kuliko sisi sote hapa. Kilichomtetemesha ni yale maneno ya chai kuchemka. Alimwona mkewe anatua ndoo ya maji, akamwona mtoto amelala mgongoni na mdomo wazi, akawaona wote wawili hawapo. Nyumba tupu. Akafunga sanduku haraka.

"Wanaendeleaje hao?" mke akauliza, kwa kuuliza tu.

"Wazima. Wananila kwa macho."

Mke akacheka, akaingia chumbani kumlaza mtoto. Bwana akatoka nje kama mwenye shughuli, kumbe anapekua ghala, anapekua zizi, jasho linamtiririka na jua bado halijakaza. Kila kijiti kilikuwa nyoka. Kila mkia wa mbuzi ulimshtua.

Aliporudi ndani alimkuta mkewe amekaa jikoni kwenye kigoda, mikono ameikunja mapajani. Paji la uso lilikuwa na jasho. Kando yake ile ndoo ya maji, imefunikwa, juu ya kifuniko pana jiwe la kusagia. Bwana aliiona, akaipita. Alikuwa anatafuta nyoka, si maji.

"Baba Kabula," mke akasema polepole. "Wako wote?"

"Wote, mama. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Bwana akachukua matambara, akaenda kuziba chini ya mlango wa chumba alimolala mtoto. Mke akamfuata, akamtazama anavyosukuma matambara kwa kisu.

"Unaziba nini?"

"Panya. Panya wamezidi siku hizi."

Mke akaingia chumbani. Akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akarudi jikoni kusonga ugali. Na walipokaa kula, jua likiwa bado linaingia mlangoni, akaliacha tonge lake kwenye sahani.

"Baba Kabula, nakuuliza tena. Wako wote?"

Hapo hofu ikageuka hasira, kama inavyogeuka kwetu sote. "Mara ngapi nikuambie? Umeniona mimi muongo? Wote wapo!"

Mke akainuka, akaileta ile ndoo, akaiweka mbele yake. Akaondoa jiwe. "Funua."

Bwana akafunua. Maji yalishamwagwa. Ndani, kwenye kitako cha ndoo, amejikunja juu ya nepi ya mtoto, alikuwemo yule mdogo.

"Nilimkuta chumbani, ubavuni mwa mwanangu," mke akasema, na sasa machozi yanamtoka. "Mimi! Ninayekimbia mjusi! Nikamshika kwa nepi, huku nalia, nikamtia humu, ili nisiondoke. Nikasema, nikikuuliza ukaniambia ukweli, yamekwisha. Sikutaka kwenda kwa mama, Baba Kabula. Nilikuwa nakutafutia njia ubaki na mimi."

Akamkaza mtoto mgongoni, akatoka, akashika njia ya kwa mama yake. Na nyoka alikuwa ameshapatikana!

Ukienda leo utalikuta lile sanduku lina wavu mpya, matundu madogo, hata sisimizi anahangaika kupita. Hatoki nyoka. Lakini bwana yule angetoa sanduku na ngoma na vigelegele vyote, apate mtu mmoja tu wa kumwuliza kama wako wote.

Sasa tujiangalie sisi. Sisi tuliokaa hapa tumevaa vizuri, lipo tundu tulilolijua tangu siku ya kwanza. Kimetoka kitu. Na tangu asubuhi tunaziba milango kwa matambara, tunasema panya, tunamfokea anayetuuliza. Mke anauliza. Mtoto anauliza. Dhamiri inauliza. Na Mungu naye anatuuliza, kwa upole, leo tena, hapa. Mnadhani anauliza kwa sababu hajui? Ndoo iko miguuni pake! Anauliza kwa sababu anataka tubaki naye.

Msiiogope siku mnayoulizwa, wapendwa. Iogopeni ile siku mtakayokaa kwenye nyumba iliyozibwa vizuri, na hakuna tena anayeuliza. Mimi leo nimewauliza. Jibuni kabla hamjafika nyumbani.