Maji ya Mama Kanga

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni karibu na mafiga. Nakijwa, mpishe mwenzako kwenye mkeka. Na wewe Mghonja, huo muhindi utautafuna hadithi ikiisha, maana meno yako yanapiga kelele kama panya darini. Nyamazeni kwanza. Nyamazeni mpaka tusikie kuni zinavyolia.

Haya. Mimi nikiita, nyinyi mnaitika. Hivi ndivyo alivyokuwa akiita bibi yangu, na sisi tumejaa jikoni mwake, mimi na dada zangu na watoto wa jirani, tunapukuchua maharage. Wengi wao hawapo leo, lakini sauti zao bado ninazo masikioni.

Wa nyuma, mpo?

Tupo, twaja.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakizungumza na mlima ukiwasikiliza, alikuwako Mama Kanga. Alikuwa mzee. Manyoya yake yalikuwa meusi, meusi tu kama kitako cha chungu, maana enzi zile kanga hakuwa na doa hata moja. Mama huyu alikuwa mgonjwa. Akiletewa mtama, haugusi. Akiletewa kumbikumbi, hamtazami. Binti yake akalia, akambembeleza, akachoka.

Siku moja mama akasema, "Mwanangu, ulimi wangu umesahau kila kitu, isipokuwa maji ya maporomoko kule juu mlimani. Nilikwenda nikiwa kigori, mimi na wenzangu. Tulikuwa na miguu wakati ule, we acha tu. Niletee nionje. Nikiyaonja hayo, nitakula."

Binti akasema atakwenda. Mama akamshika bawa, akamwambia njia ile ni kali na ina mawe matatu ya kupumzikia. Na njia ile ina desturi yake. Kila jiwe, aliyetangulia husimama, akageuka, akawaita wa nyuma. Wa nyuma asipoitika, hatoki mtu hapo. Ndivyo walivyokwenda wao wengi, wakarudi wengi.

Binti huyo, Kanga, akaenda kwa rafiki zake wawili. Wa kwanza Mbega, mweusi naye kama usiku, mwenye mkia mrefu na majivuno marefu kuliko mkia. Wa pili Pimbi, mfupi, mnene, mpenda kuota jua kuliko kula. Wote wakakubali. Kulipopambazuka wakaondoka. Mbega akajitundika kibuyu shingoni, akapita juu kwa juu kwenye miti. Kanga akapita chini. Pimbi akafuata nyuma.

Wakapanda, wakapanda, wakafika jiwe la kwanza, pale migomba inapoishia. Kanga akasimama, akageuka, akaita:

"Wa nyuma, upo?"

"Nipo, naja."

Pimbi alikuwa amejilaza juu ya mwamba, tumbo juani. Mbega akauliza kutoka kwenye tawi kama huyu mwenzao amekuja kutembea au amekuja kuanikwa. Pimbi akasema jua la mlimani ni tamu, na kwamba wenye mikia mirefu hawalijui kwa sababu wanakaa gizani kwenye majani. Wakacheka wote.

Wakapanda, wakapanda. Njia ikasimama kama ukuta. Kanga alishika mizizi kwa mdomo, kucha zikateleza. Wakafika jiwe la pili, kwenye msitu mnene. Kanga akasimama, akageuka, akaita:

"Wa nyuma, upo?"

Kimya. Kisha, kwa mbali:

"Nipo, naja."

Wakamngoja mpaka akafika, anahema kama mvukuto wa mhunzi. Mbega hakucheka mara hii. Alikuwa akikuna mapaja na kutazama jua.

Wakapanda, wakapanda. Miti ikaanza kuwa mifupi, ukungu ukashuka, na mlima ukaanza kunguruma. Ndiyo maporomoko hayo, yamekaribia. Wakafika jiwe la tatu. Kanga akasimama, akageuka, akaita:

"Wa nyuma, upo?"

Kimya. Akaita tena. Kimya.

Mbega akasema, "Dada, jua limeshatupita kichwani. Mama yako anangoja maji, hangoji Pimbi. Twende."

Kanga akatazama juu, akatazama chini. Juu kuna maji ya mama, chini kuna rafiki. Akasema, "Nikifika na maji, mama ataniuliza, nani hakuitika? Nitamjibu nini?"

Mbega akamwambia basi abaki na desturi zake, yeye atafika wa kwanza na kuteka wa kwanza. Akaenda na kibuyu shingoni.

Kanga akarudi chini, anaita na kutega sikio. Akamkuta Pimbi mguu umenasa kwenye ufa wa mawe, anaitika, anaitika, lakini sauti imekwisha. Kanga akachakura. Mnajua kanga anavyochakura? Udongo huku, kokoto kule, mpaka mguu ukatoka. Pimbi akauliza Mbega yuko wapi. Kanga akamwonyesha juu kwa mdomo.

Sasa Mbega. Mbega alifika kwenye maporomoko, akakuta miti imekwisha. Mbele yake ni mwamba mtupu, umelowa, unateleza kama bamia. Yeye ni mtu wa matawi, na mikono yake haina dole gumba. Akaruka hivyo hivyo. Akateleza. Kibuyu kikagonga mwamba, kikapasuka, vipande vikachukuliwa na maji. Yeye akang'ang'ania kwenye pembe ya jiwe, na maporomoko yote yale yanamshukia mabegani, povu juu ya povu.

Akaita, "Wenzangu, mpo?"

Maji yakamjibu kwa kunguruma. Akaita tena. Maji yakanguruma. Hapo ndipo Mbega alipojua jinsi ilivyo, kuita na usiitikiwe.

Kanga na Pimbi wakafika. Hawakumwona mtu. Kanga akageukia maji, akaita kwa ile sauti yake inayokwaruza kama panga kwenye jiwe la kunolea:

"Wa mbele, upo?"

Kimya. Akaita mara ya pili. Kimya. Akaita mara ya tatu, na ndani ya povu kikatoka kisauti chembamba:

"Nipo."

Pimbi hakungoja. Nyayo zake zina unyevu, hushika mwamba kama ulimbo. Akatembea juu ya ule utelezi, taratibu, akaukamata mkia wa Mbega, akauvuta mpaka kwenye kisiki, Kanga akauzungusha mara tatu. Mbega akajivuta kwa mkia wake mwenyewe mpaka akatoka. Akakaa chini, akajikung'uta maji. Kisha akamwambia Pimbi kwamba kuanzia leo aanikwe anapotaka.

Lakini kibuyu hakipo. Na jua linashuka. Kanga akafikiri, kisha akaingia chini ya maji mwenyewe, akafungua mabawa, akalowa mpaka kwenye ngozi. Akafunga mabawa, wakaanza kushuka. Jiwe la tatu, akasimama, akaita, wakaitika, maji yakadondoka. Jiwe la pili, akaita, wakaitika, yakadondoka. Jiwe la kwanza vilevile. Wakafika nyumbani yamebaki matone tu kwenye manyoya.

Mama Kanga akapitisha mdomo kwenye mgongo wa binti yake, tone moja moja. Akafumba macho. Akasema kwa sauti ya kigori:

"Wa nyuma, mpo?"

Alikuwa akiwaita wenzake wa zamani, wale wa miguu myepesi. Na katika wale hakuna aliyebaki wa kumwitika.

Aliyeitika ni Mbega. "Tupo, mama. Twaja."

Mama akafumbua macho, akawatazama wote watatu, akasema, "Leteni huo mtama."

Basi wajukuu zangu, maana yake ni hii. Ukitangulia, simama ugeuke uite. Na ukisikia mtu anaita, itika, hata kama siye wewe aliyekuwa akimwita.

Mama Kanga aliishi mpaka alipochoka mwenyewe, na kila mmoja akapata urithi wake. Kanga alirithi yale matone ambayo mama hakuyafikia, ndiyo madoa yake, na mpaka leo kanga huenda kwa mstari wakiitana. Mbega alirithi povu mabegani na kwenye ncha ya mkia, na kila alfajiri huita, akangoja bonde la pili limwitikie. Pimbi alirithi miamba yote na jua lake.

Na nyinyi mmerithi kuitika. Mimi nimefika jiwe la tatu, natangulia. Hadithi naifunika na majivu, kesho mtaikuta na moto.

Wa nyuma, mpo?